ESG kwenye manunuzi: kabla hujamtumia saplaya fomu, angalia unamlipa lini

Kuna binti ameniandikia, ni afisa manunuzi kwenye kampuni ya chai. Bosi wake karudi semina kamwambia kuanzia mwaka wa fedha ujao anataka ESG, yaani mazingira, jamii na utawala bora, kwenye manunuzi yote, basi, kaingia kwenye gari kaondoka. Sasa ananiuliza, dada naanzia wapi? Mdogo wangu pole, na hongera, maana mimi hata huyo bosi wa kutaka sikuwa naye.

Niseme tu mwezi huu najisikia vizuri. Mteja wetu wa Ujerumani kamaliza ukaguzi kasaini mkataba tena, na yule aliyekuwa ananiita "bibi mazingira" mbele ya menejimenti nzima watu wanacheka, ndo alikuwa wa kwanza kujipanga kwenye picha na wageni. Sawa tu. Tuendelee.

Sisi tunanunua kahawa, tuko Moshi. Wajerumani wana sheria ya mnyororo wa ugavi tangu Januari 2023, ilianza na kampuni zenye wafanyakazi 3,000 na kuendelea, mwaka uliofuata ikashuka mpaka 1,000. Haitugusi moja kwa moja, ila mteja akibanwa kule anatubana sisi, sisi tunaibana AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, na AMCOS inaenda kumbana mzee kwenye kihamba chake, lile shamba la ukoo la Kichaga. Juu yake kuna ile ya Umoja wa Ulaya ya misitu, inataka ijulikane kahawa imetoka shamba gani kabisa, na shamba lenyewe lisiwe msitu uliofyekwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Utekelezaji wake umesogezwa mbele zaidi ya mara moja na kila ukisogezwa watu wa fedha wananiambia si unaona, imekufa hiyo. Haijafa, na mteja hajaacha kuuliza.

Kwa sheria ile ya misitu shamba la chini ya hekta 4 linahitaji pointi moja tu ya GPS, na vihamba vyetu vimegawiwa watoto na wajukuu mpaka mwenye ekari mbili anaonekana tajiri, kwa hiyo ukiwa ofisini unaona hii kazi ya wiki moja. Nenda sasa huko Kibosho. Mzee mmoja kaniangalia nimesimama na simu katikati ya migomba yake, kaniuliza, "Mama, hiyo ramani unampelekea nani?" Ana haki kabisa, ile ni ardhi ya ukoo, wamezikwa hapo. Tukakaa, nikamweleza inaenda kwa nani na inaonyesha nini, akasikiliza mpaka mwisho halafu akauliza, "Na bei inapanda shilingi ngapi?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu ofisini hakuna aliyewahi kuliuliza hilo. Sera tulikuwa nayo, imechapwa vizuri na picha ya majani kwenye jalada, lakini kazi yote ya kuitekeleza tulimtupia mtu ambaye malipo yake ya pili bado tumeyakalia. Samahani lakini huo ni ubabe, hata ukiuandika kwa Kiingereza kizuri. Nikarudi nikapigania gharama ya kuchukua pointi iingie kwenye bei tunayolipa kwa kilo. Nilipigania sana, siwachoshi na vikao.

Ushauri wangu wa kwanza basi ni huo, weka hela. Wa pili ni hela pia: sharti liwe kwenye LPO, ile hati ya kuagizia, na kwenye alama za tenda. Tenda ya usafirishaji tuliipa bei alama 70, zile 30 zikaenda kwenye mikataba ya madereva, michango ya NSSF na WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi), na hali ya magari. Aliyekuwa anashinda kila mwaka kwa bei ya chini akashindwa, kumbe madereva wake wote vibarua. Alinipigia simu maneno aliyonitolea siyaandiki hapa.

Halafu usimtumie kila mtu fomu ya kurasa ishirini. Anayekuletea karatasi za printa muulize TIN na risiti ya EFD muachane. Nguvu peleka kwenye hatari yenyewe, kwetu ni mashine za kumenya kahawa, maana maji machafu yanayotoka humo yakiingia kwenye mfongo, mfereji wetu wa asili, kuna watu huko chini wanayachota. Wenye mashine tuliwapa msimu mzima wachimbe mashimo ya kuchujia, hatukuwakata. Ukimkata saplaya maji hayawi safi, kahawa anaiuza kwa mwingine tu.

Na kwenye utawala bora jamani tuambiane ukweli sisi watu wa manunuzi. Huwezi kumkagua mtu asubuhi na mchana ukapokea "ya soda" kutoka kwake. Kotesheni zifunguliwe na watu zaidi ya mmoja, anayeagiza asiwe anayepokea mzigo stoo, na hiyo kumi pasenti muiache, vijana, muiache, mnajijua.

Dodoso langu la saplaya wadogo lina maswali tisa. La kwanza ni: kampuni yetu unatudai kiasi gani, na tangu lini? Majibu yanaenda kwa mkurugenzi kila mwisho wa mwezi. Idara ya fedha wanataka swali hilo litolewe, tuna kikao Alhamisi.