Homa katikati ya tibakemikali haisubiri kliniki ya Jumatatu

Ndugu uliyeuliza mama, aliye kwenye tibakemikali (dripu za dawa za saratani), ale nini na nywele zake zitaota lini, hayo yasubiri kwanza. Mwishoni mwa swali lako umeandika, kama jambo la kupita tu, kwamba tangu jana usiku mwili wake unachemka, mmempa panadol na dawa ya mseto, na mnangoja kliniki ya Jumatatu. Msingoje. Mpelekeni hospitali ya wilaya pale Nansio, hukohuko Ukerewe, sasa hivi, bila kusubiri meli ya kuja Mwanza.

Mimi nilitibiwa saratani ya matiti hapa mjini. Baada ya mojawapo ya dozi za mwanzo nilishikwa na baridi jioni, nikiwa Igoma kwa dada yangu, nikatetemeka chini ya mablanketi mawili. Muuza dawa wa jirani, aliyeambiwa waziwazi kwamba natumia dripu za saratani, alijibu kwamba homa ya Kanda ya Ziwa ni malaria tu, akatuuzia mseto bila kupima hata tone la damu, na vidonge vya kushusha joto juu yake. Joto likashuka kweli, tukalala tukijua yamekwisha. Kulipokucha sikuweza kusimama wala kumtambua dada yangu, na hospitalini ikaonekana kwamba maambukizi yamekwisha kuingia kwenye damu. Nikimkumbuka mtu yule hadi leo napandwa na hasira, kwa sababu hakukosa habari. Aliambiwa, akaona afadhali auze.

Dawa za tibakemikali huua seli zinazogawanyika upesi, zikiwamo zile za uboho wa mifupa zinazotengeneza chembe nyeupe za damu. Kwa dawa nyingi chembe hizo hupungua zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu. Zikiwa chache, hata kidonda hushindwa kutunga usaha, na homa inaweza kuwa dalili pekee mtakayoiona. Mkiishusha kwa panadol mmeizima dalili, huku bakteria wakiendelea na kazi yao. Ndiyo maana hospitali hulenga kuanza antibiotiki ya mshipani ndani ya saa 1 tangu mgonjwa afike, bila kungoja majibu yote ya maabara. Malaria ipo huku ziwani, sikatai, lakini ipimwe palepale inapopimwa picha kamili ya damu, yaani hesabu ya chembe zake.

Nunueni kipimajoto cha kwapani leo hii. Kikisoma nyuzi 38 au zaidi, au mama akitetemeka hata kama hakijafika huko, ni hospitali, usiku au mchana, kabla ya kidonge chochote cha kutuliza. Aspirini na diklofenaki msimpe kabisa bila idhini ya daktari wake, kwa kuwa huongeza hatari ya kutokwa na damu wakati chembe za kugandisha damu nazo zimepungua.

Chakula kiive vizuri, sato na dagaa vilevile. Kachumbari na maziwa mabichi aviache kwa sasa, na maji ya ziwani yachemshwe.

Dozi ijayo ikifika, andikeni tarehe ya dripu kwenye kadi yake, mhesabu, na wiki ile ya pili mtafute ndugu wa kukaa naye mjini karibu na hospitali ya Bugando, maana homa ikianza usiku wa manane Ukerewe hamtapata meli. Mkifika mapokezi, msikae kwenye benchi kungoja foleni. Onyesheni kadi, mseme kwa sauti kwamba mgonjwa yuko kwenye tibakemikali na ana homa, na mtaje saa aliyomeza panadol mara ya mwisho, wasije wakadanganywa na kipimajoto kinachosoma chini.