Utomvu wa Mipaini: Kabla Hujauza Pipa Lako Likiwa Bichi

Tangu mpango wa SPGS, wa kuwapa ruzuku wapanda miti ya mbao, uanze mwaka 2004, Uganda imepandwa mipaini mingi, hasa ile ya Karibiani. Shika barabara ya Kampala kwenda Gulu, ukiiacha Luweero na kuingia Nakasongola utaiona imejipanga mistari kwa mistari. Wengi waliopanda waliwazia mbao tu, wakajiandaa kusubiri miaka 18 au 20. Mimi nagema utomvu na kuutenganisha kuwa tapentaini, yale mafuta mepesi yanayoruka na hewa, na rosini, ile sehemu inayobaki na kuganda ikipoa, na mwenye shamba akiniomba ushauri, humwambia aanze na usafi. Bei ya utomvu huharibikia pale pale mtini, siku nyingi kabla ya kufika kwenye mtambo.

Afande mmoja mstaafu aliniita nikamtazamie mapipa yake. Utomvu ulikuwa mweusi kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Nikamuuliza, "Afande, mlikinga kwa kitu gani?"

"Makopo ya rangi, kijana wangu. Yalikuwepo, tukayatumia."

Makopo yenyewe ya chuma, yameshika kutu. Utomvu una asidi zake, zikikutana na chuma hugeuza rangi, na weusi ule hautoki hata uchuje vipi. Wanunuzi wa rosini hupanga bei kwa kuangalia rangi: iliyokaribia manjano ya asali hulipwa vizuri, nyeusi hushuka bei. Kinga kwa mifuko ya plastiki au vikombe vya plastiki, funika mvua na sindano, yaani majani ya mipaini, zisiingie, na usiuache juani, maana tapentaini huruka na hewa na ndiyo mali yenyewe inayokwenda.

Kuhusu miti ya kugema, anza na ile iliyokwisha kuwekewa alama ya kupunguzwa. Ukipanda mita 3 kwa 3 unapata miti 1,111 kwa hekta, na sehemu kubwa ya hiyo lazima iondoke ili iliyobaki inenepe. Hiyo ya kuondoka igeme kwanza. Ile ya mbao nzuri iache mpaka miaka yake ya mwisho kabla ya kukatwa. Mti mwembamba, wenye kipenyo chini ya sentimita 20, usiuguse. Kwangua gome tu, panga lisiingie kwenye mbao, na jeraha lisizidi theluthi moja ya mzunguko wa mti. Wagema wengi hupaka dawa yenye asidi ya salfa ili utomvu uendelee kutoka. Dawa hiyo inapofua macho, kwa hiyo glavu na miwani si anasa.

Sasa kutenganisha. Pasha utomvu taratibu kwa joto la mvuke, uongeze tapentaini kidogo uwe mwepesi, kisha uchuje kwa wavu halafu kwa kitambaa. Uache utulie ukiwa bado moto. Kwa kuwa tapentaini imeupunguza uzito, maji na mchanga huzama chini, nawe unayafungulia kwa bomba la chini. Baada ya hapo ndipo unapitisha mvuke. Tapentaini peke yake huchemka kwenye nyuzi 155 hivi kwenda juu, lakini ikisindikizwa na mvuke hupanda kabla ya nyuzi 100. Mvuke ukipoa, yale maji na tapentaini hujitenga yenyewe: tapentaini hukaa juu, unaikinga. Yanapodondoka maji matupu, kilichobaki ndani ya sufuria ni rosini. Imwage ikiwa moto kwenye chombo kikavu kabisa. Utomvu safi wa kilo 100 hukupa takribani kilo 70 za rosini na kilo 15 hadi 20 za tapentaini.

Nasisitiza mvuke kwa sababu nimeona watu wakiweka pipa la utomvu juu ya kuni. Mvuke wa tapentaini unaweza kushika moto kwa cheche tu mchana wa joto kali. Boila ya maji iwe mbali, mvuke uje kwa bomba, na matambara yaliyolowa tapentaini yasirundikwe pembeni kwa sababu yanaweza kuwaka yenyewe.

Unga wa mbao na mabanzi ya kwenye kinu cha mbao wengine hudhani yana mafuta ya kutosha. Nionavyo mimi, kazi yake bora ni kuwa kuni za boila. Sindano mbichi kutoka kwenye matawi yaliyopogolewa hutoa mafuta yenye harufu nzuri, ila kidogo sana. Visiki vyenye utomvu hutoa lami ya kupaka nguzo.

Soko lipo karibu. Rosini huingia kwenye sabuni, gundi na uchomeleaji wa saketi za redio na simu. Tapentaini hutumiwa na mafundi rangi. Ukiwa na nta ya nyuki, na West Nile kuna wafugaji wengi wa nyuki, tengeneza mafuta ya kung'arisha samani: yeyusha sehemu moja ya nta kwenye chombo kilichokaa ndani ya maji moto, ondoa mbali na moto kabisa, ndipo umimine sehemu mbili au tatu za tapentaini ukikoroga mpaka ishikane. Kabla ya kuibandika lebo, pitia UNBS, shirika la viwango la Uganda, na UIRI, taasisi ya utafiti wa viwanda pale Nakawa, waulize kuhusu mitambo.

Na jamani, mtu asimnyweshe mtoto tapentaini eti ni dawa ya minyoo. Inaumiza figo, na ikiingia mapafuni inaua.

Kama mipaini yako imo ndani ya hifadhi ya serikali chini ya NFA, mamlaka ya misitu ya taifa, soma leseni yako vizuri na upate ruhusa ya maandishi kabla ya kukwangua gome la mti hata mmoja.