Lantana na brugmansia: usiandike hali ya uhifadhi kwa kuhesabu vichaka vya mtaani

Wadogo zangu mnaokuja Kigoma kwa mafunzo ya vitendo, zoezi la kulinganisha vichaka viwili vya maua ndilo mnalolidharau kuliko yote, na ndilo linalowaangusha. Mtu anaona kichaka kila kona, anaandika "hakiko hatarini", anafunga daftari.

Chukueni lantana, Lantana camara. Haitafutwi, iko kando ya njia na kwenye mashamba yaliyoachwa. Tazama kishada kimoja kwa karibu: maua machanga ya katikati ni ya njano, yaliyokomaa pembeni yameshageuka waridi au mekundu. Asili yake ni Amerika ya Kati na Kusini. Ndege hula vitunda vyake vyeusi na kusambaza mbegu. Ukilikata shina, linachipua upya. Imo kwenye orodha ya viumbe vamizi (viumbe vya kuja vinavyoenea na kuleta madhara) 100 vibaya zaidi duniani iliyotolewa mwaka 2000.

Brugmansia suaveolens tafuteni kwenye nyumba za watu, hasa kule Kasulu kwenye ubaridi. Maua yake marefu meupe yananing'inia, na harufu hukolea usiku, muda wa nondo. Msiichanganye na mnanaha, ambao ua lake hutazama juu na tunda lina miiba. (Vyote viwili ni sumu. Nawa mikono kabla ya kushika chapati.)

Sasa brugmansia huyu asili yake ni kusini-mashariki mwa Brazili, na Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi linalopanga viumbe kwa madaraja ya hatari ya kutoweka, inasema ametoweka porini. Hapo ndipo ubishi huanza: mbona anachanua uani kwa jirani? Someni maana ya daraja hilo. Mmea unaoishi kwa kupandwa tu, au uliojiotea mbali na eneo lake la asili, unahesabiwa kuwa umetoweka porini. Hata ikijaa Kasulu nzima, daraja halibadiliki. Tena huku watu hupandikiza vijiti, na ua halijichavushi lenyewe, kwa hiyo msishangae kukosa tunda.

Kwenye ripoti anzeni na eneo la asili, kisha kama mmea umepandwa au umejiotea, ndipo daraja. Na "vamizi" si daraja la Orodha Nyekundu, ni orodha nyingine kabisa. Kwa lantana, neno hilo liandikeni kwenye safu yake, mbali na daraja.