Mwanangu, kuhusu wale wazee wa kata

Mama yangu, meseji yako nimeisoma mara mbili. Unasema ulisimama na takwimu zako zote za visima wazee wakakaa kimya, alafu mgombea mwenzako akaelezea ndoo ya marehemu bibi yake wakampigia makofi, ndo unauliza kama siasa ni maneno matupu. Hapana mama.

Mi nlikua na miaka tisa, Novemba 1978, Amin keshavuka mpaka kashika Kagera anasema yake. Redio ilikua ya babu yako, betri tunazianika juani kutwa ili jioni zishike, watu wamejaa uani mpaka kwenye banda la mbuzi, na Mwalimu akasema uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Sikiliza hiyo "tunayo". Babu yako Kagera hajawahi kuiona hata siku moja ila usiku ule aliongea kama mtu aliyevunjiwa mlango wake mwenyewe. Kiongozi anayejua kusimulia anakuingiza ndani ya jambo, hukai tena pembeni unaangalia.

Vita ikaisha, 1979, tukaambiwa tufunge mikanda miezi 18. Hapa nisikilize vizuri. Bibi yako akawa anachora mkaa ukutani jikoni, kila mwezi mstari mmoja, sabuni hakuna tunafulia majani ya mpapai na halalamiki, anahesabu tu. Mistari ikafika 18, ikapita. Sababu za kweli zilikuwepo, vita imekula hela na mafuta yamepanda bei dunia nzima, lakini siku moja alichukua tambara akafuta ule ukuta wote na hakusema kitu. Mpaka leo nauona ule ukuta.

Kwahiyo takwimu usizitupe, ila anza na kile kisima cha mwembeni ulipoanguka na ndoo uko darasa la tatu ukarudi nyumbani na jino mkononi, wazee wengi wanaikumbuka hiyo siku. Ukishawasimulia ndo uwaambie vingapi vimekufa, na useme wazi kwamba diwani peke yake hachimbi kisima. Na mwezi wa kumaliza usiutaje kama huna uhakika nao, mama, kuna watu bado wanachora ukutani.

Alhamisi nakuja kwenye mkutano, ntakaa nyuma karibu na mlango.

Baba