Loukoumades si kaimati: nilivyojifunza kuzikaanga Athens

Nimezaliwa Tanga, kwenye nyumba ambayo Ramadhani haipiti bila kaimati. Kwa hiyo siku ya kwanza nilipoziona loukoumades mjini Athens, kwenye duka la Krinos mtaa wa Aiolou, ambalo lipo tangu 1923, nilisema moyoni: hizi nazijua. Viduara vya rangi ya dhahabu, vitamu, vinaliwa vikiwa vya moto. Hata jina ni la ukoo mmoja. Wagiriki wamelichukua kwa Waturuki, wanaosema lokma, na hilo asili yake ni luqma ya Kiarabu, yaani tonge. Kaimati yetu nayo ni luqaimat, vijitonge. Nikarudi nyumbani Kypseli, kitongoji cha Athens, nikakoroga unga kama alivyonifundisha mama, nikakaanga, nikamwagia asali. Zikatoka kaimati zenye asali. Nzuri, lakini sizo.

Aliyenionyesha kosa langu ni jirani wa ghorofa ya chini, mwanamke mzee ambaye jengo zima lilimwita yiayia, yaani bibi. Alichovya kidole kwenye bakuli langu, akatikisa kichwa, akaongeza maji. Akachovya tena, akaongeza tena. Mimi naona unga unaharibika.

Ukielewa alichokuwa anakitafuta, nusu ya kazi umeimaliza. Kaimati tunaivika shira. Sukari ikikauka inakuwa gamba, na gamba hilo ndilo linalolia mdomoni. Ndani panaweza kujaa unga mzito na hakuna atakayelalamika. Loukoumades haina gamba la kuisaidia. Asali haigandi juu yake, inateleza tu. Kwa hiyo ukavu wote lazima utoke kwenye unga wenyewe: ngozi nyembamba inayovunjika, na ndani karibu patupu. Unga mzito hauwezi kukupa hivyo.

Vipimo vyangu sasa ni hivi: nusu kilo ya unga wa ngano, hamira kavu gramu 7, kijiko cha chai cha chumvi, kijiko kikubwa cha sukari, na maji vuguvugu mililita 450, halafu naongeza kidogo kidogo mpaka nitosheke. Nikitaka ngozi kavu zaidi, natoa gramu 50 za unga wa ngano na kuweka wanga wa mahindi badala yake. Unga ukiwa sawa unanata, unavutika, na ukiuinua kwa mkono unashuka kama utepe. Ukikaa mkononi kama donge, bado maji.

Kisha upige. Si kukoroga kwa mwiko. Ingiza mkono, uchote kutoka chini, uupige ubavuni mwa bakuli, dakika tano au zaidi. Mwanzoni unakatika katika. Baadaye unaanza kuvutika kama mpira na mapovu yanapasuka unapoupiga. Hapo ndipo ufunike. Athens wakati wa baridi nauweka karibu na kipasha joto, saa moja na nusu. Kwa joto la Tanga au Mombasa, saa moja inaweza kuwa nyingi, uuchungulie mapema. Uwe umeumuka mara mbili na juu una matundu matundu. Ukishafika hapo usiukoroge tena, nakuomba. Ile hewa uliyoingoja ndiyo itakayofanya utupu wa ndani.

Kuchota ndiko kulikonichukua muda mrefu zaidi. Mkono wa kushoto ulowe maji, uchote unga kiganjani, ufumbe ngumi taratibu. Unga unachomoza juu, kati ya kidole gumba na cha shahada, kama kifundo. Mkono wa kulia una kijiko kilichochovywa kwenye glasi ya maji na kukung'utwa vizuri. Kinakata kile kifundo na kukidondosha kwenye mafuta. Rudisha kijiko kwenye maji kila mara, ila usisahau kukikung'uta: tone la maji ndani ya mafuta ya moto liliniruka mkononi, na alama ninayo hadi leo. Ikikuogopesha, tumia vijiko viwili vilivyopakwa mafuta. Duara halitakuwa zuri sana, utamu ni uleule.

Mafuta yawe mengi, vitonge vielee, na joto liwe nyuzi 170 hadi 180. Kama huna kipimajoto, dondosha unga kidogo: ukizama kisha ukapanda upesi ukizungukwa na mapovu, anza. Mafuta yakiwa ya moto mno, nje pataiva na ndani patabaki pabichi; yakiwa baridi, kitonge kitayanywa. Usijaze karai. Vigeuze geuze bila kuchoka, ukivimwagia mafuta juu kwa upawa, mpaka rangi ienee, kisha uchuje kwenye karatasi.

Asali usiichemshe. Harufu ndiyo inayokimbia kwanza, na asali ya Kigiriki ya maua ya thaimu ni harufu hasa. Mimi naweka bakuli la asali ndani ya maji ya moto ilegee, nikiona bado nzito natia kijiko kimoja cha maji. Mwaga juu ya sahani, usivizamishe vitonge kama kwenye shira. Halafu mdalasini wa kusaga, usiuonee haya, na kokwa za jozi zilizopondwa au ufuta uliokaangwa kavu. Siku hizi maduka mengi ya Athens yanamwagia chokoleti. Vijana wanaipenda, mimi naona inafunika kila kitu tulichokihangaikia. Na kama mezani kuna mtoto ambaye hajatimiza mwaka, asipewe asali kabisa.

Jambo la mwisho, wageni wawe wamekaa kabla hujadondosha tonge la kwanza. Kaimati zinaweza kungoja adhana. Hizi zinalainika ndani ya robo saa. Yiayia alikuwa anakaanga akiwa amesimama, anatupa sahani moja moja, na yeye anakula za mwisho palepale jikoni, kwa vidole, asali ikimchuruzika hadi kwenye kifundo cha mkono.