Tamasha la Nachingwea: anza na funguo za geti

Mkuu, umeuliza mpango wa dharura uanzie wapi kwa tamasha la watu elfu mbili hapo Nachingwea, uwanja una ukuta na mageti mawili. Mimi ningeanza na funguo.

Nimesimamia mageti Masasi miaka kadhaa, hasa msimu wa korosho, pesa zikishaingia na wasanii wakaanza kuletwa. Usiku mmoja jenereta lilizima, na mvua nayo ikashuka. Watu wakakimbilia geti dogo tulilokagulia tiketi. Lile geti lilikuwa la kufungukia ndani. Wakishalibana, basi tena. Geti la magari lilikuwa na kufuli, mwenye ufunguo kaenda kumchukua msanii gesti. Binti mmoja alibanwa kwenye nondo mbele yangu. Hakupiga kelele. Mdomo wazi, vidole vimeng'ang'ania nondo, nami niko nje nimevishika. Aliyebanwa hivyo hukosa pumzi akiwa wima, kifua hakina pa kutanukia, na wa nyuma hawamwoni, wanasukuma tu. Fundi wa jukwaa alilipiga kufuli la geti kubwa kwa nyundo mpaka likaachia. Binti alizimia, akapona, ila alipelekwa hospitali kwa bajaji. Ambulensi ilizibwa na bodaboda.

Mjini Moshi, Februari 2020, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia mafuta ya upako. Hapakuwa na moto wala bomu.

Kwa hiyo kila geti liwe na mtu wake, ufunguo shingoni, na hata chooni asiende bila kumkabidhi mwenzake. Geti lifungukie nje. Kama haliwezi, ling'oeni siku hiyo mweke kamba na mabaunsa. Njia ya ambulensi izungushieni utepe tangu asubuhi, maana bodaboda akishapaki hatoki. Polisi, zimamoto (114) na hospitali waiteni uwanjani kabla ya siku yenyewe, watembee na nyinyi.

Halafu suala la nani anasimamisha muziki. Mchagueni mtu mmoja, MC na DJ wamjue kwa sura, akinyoosha mkono muziki unakatika hapo hapo, hata promota akigoma. MC awe na spika ya mkononi ya betri, kwa sababu umeme ukikatika maiki imekufa, na hapo ndipo sauti yake inahitajika.

Geti lenu dogo lina upana gani? Kapime kwa futi uniambie.