Mazabodi ndogo kwa kompyuta ya bei nafuu: nilivyoanza kwa kukosea

Mkuu, umeuliza uchukue mazabodi (kibao kikuu kinachounganisha vifaa vyote vya kompyuta) ya saizi ya mini-ITX, ile ndogo, au micro-ATX, kubwa yake kidogo. Kompyuta ni ya kazi za ofisi, masomo ya watoto na gemu nyepesi, meza ni ndogo na mfuko umebana. Mimi nasema micro-ATX. Lakini ngoja nikueleze nimefikaje hapo, maana nimelipia.

Ya kwanza niliiokota Kariakoo, imetolewa kwenye mashine ya ofisini, ya prosesa (ubongo wa kompyuta) za Intel kizazi cha nne. Ndogo, safi, bei ya kutupa. Nimefika nayo nyumbani, pawasaplai yangu (kisanduku cha kugawa umeme) ina plagi ya kawaida ya pini 24, tundu la mazabodi lina pini 8 tu, na siyo zile za prosesa. Nikatafuta waya wa kubadilishia. Ikawaka, ikagoma kwenye maandishi meupe: feni ya mbele haionekani, bonyeza F1. Kila asubuhi F1. Pini za swichi nazo zimepangwa kivyake, kwa hiyo wiki nzima nilikuwa naiwasha kwa kugusanisha pini mbili na bisibisi. Mke wangu akauliza hiyo ni kompyuta au pikipiki ya wizi.

Kwa hiyo mazabodi za mashine za ofisini achana nazo, labda ununue mashine nzima na kasha lake. Na kizazi cha nne Windows 11 hairuhusu rasmi, inataka Intel kuanzia cha nane, wakati Windows 10 iliachwa Oktoba 2025. Kama unatumia Linux badala ya Windows, hilo halikuhusu.

Sasa vipimo. Mini-ITX ni milimita 170 kwa 170, micro-ATX inafika 244 kwa 244. Mezani tofauti hiyo ni kama upana wa kiganja. Dukani tofauti ni kubwa zaidi, kwa sababu kubana vitu vyote kwenye kibao kidogo ni gharama, halafu unabaki na nafasi moja tu ya kadi na mara nyingi mbili za RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi). Kasha dogo zuri nalo lina bei yake, na pawasaplai ndogo ya kuingia humo ukiipata mtaani uniambie. Jambo jema moja: mini-ITX inaingia hata kwenye kasha kubwa, matundu ya skrubu yanalingana. Micro-ATX kwenye kasha la mini-ITX haiingii.

Anza na prosesa, mazabodi ifuate. Kwa matumizi yako ningeenda soketi (tundu la prosesa) ya AM4 ya AMD, mazabodi yenye chipseti (chipu inayosimamia mazabodi) ya A520 au B450, na prosesa ya Ryzen 5 5600G. Hiyo G usiipuuze: 5600 tupu haina grafiki ndani, utaishia kutazama skrini nyeusi mpaka ununue kadi. Na kwa kuwa grafiki ya ndani inakopa RAM, weka vijiti viwili vya GB 8, siyo kimoja cha 16. Kwenye gemu utaona tofauti. Muuzaji aiwashe mbele yako na prosesa hiyo hiyo, kwa sababu B450 nyingi za zamani haziitambui mpaka baiosi (programu ya ndani ya mazabodi) isasishwe, na bila prosesa nyingine ya kuazima utakwama.

Ukienda Intel, usidanganywe na umbo la soketi. Soketi ya LGA1151 ipo ya kizazi cha 6 na 7, ipo ya cha 8 na 9. Prosesa inakaa vizuri kabisa, kompyuta haiwaki. Angalia jina la chipseti: H110 na B250 ni za mwanzo, H310 na B360 ni za baadaye.

Kwa mazabodi ya Intel iliyotumika, toa kifuniko cha soketi, washa tochi ya simu, uimulike kwa ubavu. Pini zinatakiwa kung'aa kwa mistari, kama shamba la mpunga uliopandwa kwa kamba. Ukiona sehemu mwanga umekatika au pini moja inang'aa peke yake, imepinda. Rudisha. Wapo wanaonyoosha kwa sindano, mimi nilijaribu mara moja nikavunja. Dai pia kile kibati cha nyuma chenye matundu ya USB. Nilikipuuza, mjusi akahamia ndani.

Mini-ITX ningeichukua kwa sababu moja tu: umeme wa sola. Zipo zenye Intel N100 imechomelewa humo humo, prosesa ya wati 6, inatosha kwa maandishi, intaneti na video. Ila ujue prosesa haibadiliki na RAM inaenda kwa njia moja, kama kuweka kijiti kimoja, kwa hiyo gemu sahau.

Ukipata ya kununua, piga picha ya soketi na maandishi ya chipseti uitume hapa kabla hujalipa. Jioni huwa nipo.